Umeme wa boti kutoka kwenye injini kubwa: dalili, sababu na pa kuanzia

Nahodha akiniletea boti kwa ajili ya umeme, huwa namuuliza kwanza: "Umeme ulipozimika, injini ilikuwa inazunguka ngapi?" Wengi hushangaa. Wakati huo ameshafungua boksi la swichi, ameshabadilisha fyuzi mbili, na samaki ndani ya friza wameanza kulainika. Lakini boti inayochota umeme kwenye injini ileile inayosukuma pangaboi haina umeme unaojitegemea. Injini ikishuka, umeme unashuka nayo. Kazi nyingi ninazoitiwa huanzia kwenye resi, mkanda na puli kabla ya kufika kwenye waya.

Nazungumzia mifumo miwili inayoonekana sana kwenye boti zetu za uvuvi na za kubeba wageni. Wa kwanza ni kichwa cha jenereta cha volti 230 kinachozungushwa kwa mkanda kutoka injini kubwa. Mara nyingi ni vile vichwa vya Kichina vya aina ya ST, vyenye kaboni (vipande vinavyokandamizwa na springi) zinazogusa pete za shaba kwenye shafti. Wa pili ni altaneta ya volti 12 au 24 inayochaji betri, kisha inveta inatoa 230. Mwenye injini ya kufunga nyuma asitarajie makubwa: koili ya kuchajia ya injini ndogo hutoa ampea chache tu, za taa na simu, friza haiwezi.

Hesabu moja inabidi iwe kichwani. Kichwa cha poli 4 (ncha za sumaku) kinatoa hezi 50, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, kikizunguka mara 1500 kwa dakika, cha poli 2 mpaka kifike 3000. Soma kibati chake. Kama injini yako ukiwa safarini inazunguka 1000, puli ya injini ya milimita 210 na ya kichwa ya milimita 140 zitakupa 1500 barabara. Sasa mmefika kwenye samaki, nahodha ameshusha hadi sailensa (mwendo wa chini kabisa wa injini), injini iko 600. Kichwa kinazunguka 900, na umeme wako ni hezi 30. Hakuna waya wala fyuzi itakayorekebisha hilo. Meli kubwa zenye jenereta kwenye shafti hukwepa tatizo hili kwa kuacha shafti izunguke kwa kasi moja na kubadilisha mwelekeo wa mapanga ya pangaboi. Boti yako haina chombo hicho, kwa hiyo chagua: ama umeme utumike injini ikiwa kwenye resi yake tu, ama upite kwenye betri na inveta.

Kabla ya kugusa chochote

Zima injini, na ufunguo ukae mfukoni mwako, usibaki kwenye dashibodi. Shusha breka kuu. Inveta ikishazimwa iache dakika chache, kwa sababu ndani yake umeme hubaki umehifadhiwa. Kikoi, msuli na shati lililofunguliwa vifungo havikai karibu na mkanda unaozunguka. Hili nalisema kwa uzito wote: mkanda unavuta nguo haraka kuliko mtu anavyoweza kupiga kelele.

Tafuta mita inayosoma volti, ampea za DC (umeme wa betri) na hezi. Siku hizi si ghali, na bila kipimo cha hezi utakuwa unabahatisha.

Taa zinafifia, friza inanguruma bila kuwaka

Kwanza chomoa friza. Mota ya friza inayonguruma bila kuanza inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na joto lote linaishia kwenye koili. Ukiichomoa, isubiri kama dakika tano kabla ya kuijaribu tena, ili mgandamizo wa gesi ndani ushuke.

Kisha weka mita kwenye soketi na usome volti pamoja na hezi. Usisome volti peke yake. Kichwa chenye AVR (kifaa kinachosawazisha volti) kinaweza kushikilia 220 wakati hezi zimeshaanguka, ukadhani mambo ni mazuri huku mota zinaungua taratibu.

Hezi zikiwa chini, sababu ziko hivi, kuanzia ile ninayoikuta zaidi.

Injini haiko kwenye resi yake. Ipandishe polepole huku mwenzako anasoma mita. Zikifika 50 na taa zikatulia, umemaliza. Hakuna kibovu hapo. Weka alama ya rangi kwenye waya wa resi pale umeme unapokaa sawa, ili kila baharia aijue.

Mkanda unateleza. Hapa mita inafanya kazi nzuri kuliko macho. Chukua mizunguko ya injini, zidisha kwa uwiano wa puli. Kwa mfano wetu, 1000 mara 1.5 ni 1500, yaani hezi 50. Mita ikionyesha 44, kichwa kinazunguka 1320 tu. Mkanda mzima wa umbo la V hupoteza asilimia moja au mbili. Huo umepoteza 12. Niliwahi kukaa na boti ya wavuvi wa dagaa ambayo taa zake ziliwaka vizuri dakika ishirini za kwanza, halafu zikafifia kila usiku wa giza, saa ileile dagaa wanapoanza kukusanyika. Walikuwa wameshanunua kichwa kipya. Chini ya puli kulikuwa na vumbi jeusi laini kama masizi ya karabai. Nikaukunja mkanda kwa vidole: mbavu zake zilikuwa ngumu, zinang'aa kama kioo, na juu yake utando mwembamba wa oili. Sili ya mbele ya injini ilikuwa inavuja tone kwa tone. Mkanda ukiwa baridi ulishika, ukipata joto uliteleza.

Mkanda wa namna hiyo hauponi kwa kukazwa. Ziba oili kwanza, osha puli kwa mafuta ya taa na uzikaushe, funga mkanda mpya. Kukaza: bonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili, kwenye nafasi ya sentimita 50 ushuke kama milimita 8. Ukiubana kupita hapo unaua beringi ya kichwa na ya pampu ya maji. Kama kuna mikanda miwili sambamba, badilisha yote miwili siku moja, la sivyo ule mpya utabeba mzigo wote.

Injini yenyewe imelemewa. Moshi mweusi, boti nzito, resi inashuka friza ikiwaka. Kwa makadirio ya mafundi, kila kilowati ya umeme inakula karibu nguvu farasi mbili za injini. Kichwa cha kilowati 5 kikifanya kazi kamili kinachukua farasi kama kumi ambazo pangaboi lilikuwa linazihitaji. Kagua filta ya dizeli na ya hewa, na uhakikishe pangaboi halijanasa kamba au wavu. Vikiwa sawa, basi umefunga kichwa kikubwa kuliko injini.

Hezi ni 50 lakini volti ni 180? Hapo ndipo unapoingia kwenye umeme wenyewe. Punguza mzigo uone kama zinapanda. Kisha pima kwenye vituo vya kichwa na kwenye soketi, mzigo ukiwa umewashwa. Kichwani 228, kwenye soketi 195: kosa liko njiani. Ama waya ni mwembamba kwa urefu huo, ama kiungo kimeliwa na chumvi. Waya wa nyumbani wenye shaba tupu ndani hauvumilii bahari. Ukichuna gamba utaona shaba imegeuka nyeusi, na weusi huo hupanda ndani ya gamba. Kata mpaka uone shaba nyekundu, au ubadilishe wote uweke waya wa nyuzi nyingi zilizopakwa bati. Zikiwa chini hata pale kichwani, nenda kwenye kaboni na diodi, nitakavyoeleza hapa chini.

Kichwa kinazunguka, umeme hauji kabisa

Anza na mambo madogo: breka imeshuka? RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) imeruka? Swichi ya kubadilisha kati ya umeme wa bandarini na wa boti iko upande gani? Nimewahi kusafiri saa tatu kwa boti ya abiria kwenda kurudisha swichi hiyo tu.

Kisha pima moja kwa moja kwenye vituo vya kichwa, breka ikiwa chini. Umeme ukiwepo hapo, fuata waya. Usipokuwepo, zima injini ufungue kifuniko cha nyuma.

Kaboni ndizo za kwanza. Zivute taratibu uone kama zinarudi kwa springi. Chumvi huingia kwenye nyumba yake ikaganda, kaboni ikabaki imening'inia bila kugusa pete. Pete zenyewe ziangalie kwa tochi: zinatakiwa ziwe laini na rangi ya kahawia. Ukiona kijani, hiyo ni kutu ya shaba. Sugua kwa msasa laini sana, kisha futa vumbi lote kwa kitambaa kikavu. Usitumie msasa wa chuma, wala usipake grisi. Kaboni iliyobaki fupi sana au iliyoliwa upande mmoja, badilisha zote mbili.

Usumaku uliobaki umepotea. Kichwa kilichokaa miezi bila kuzunguka, au kilichozimwa kikiwa na mzigo mkubwa, hupoteza ule usumaku mdogo unaokianzisha. Dalili yake: kikizunguka kwa kasi yake, mita inaonyesha sifuri au volti chache tu. Kuurudisha si kazi ngumu, lakini ifanye injini ikiwa imezimwa. Kama kuna AVR, chomoa nyaya zake kwenye kaboni kwanza. Chukua betri ya volti 12, jumlisha kwenye kaboni yenye alama ya jumlisha, toa kwenye ya pili, gusisha kwa sekunde tatu hadi tano, ondoa. Rudisha nyaya, washa injini, pima. Ukigeuza jumlisha na toa unaweza kuua diodi, kwa hiyo tazama alama mara mbili.

Diodi. Kwenye vichwa vya ST kuna kijisanduku chenye rektifaya (diodi zinazogeuza AC kuwa DC), hakizidi ukubwa wa kiberiti. Kichomoe, weka mita kwenye alama ya diodi. Kila diodi ipitishe upande mmoja, ionyeshe kama 0.5 hadi 0.7, na igome upande wa pili. Ikipitisha pande zote, au ikigoma pande zote, imekufa. Bei yake ni ndogo. Beba moja ya akiba pamoja na kaboni.

Mwisho ni koili. Ondoa kaboni, pima omu kati ya pete mbili: unatarajia omu chache hadi makumi. Mita isiposoma chochote, koili imekatika. Pima pia kati ya pete na shafti. Hapo haitakiwi kusoma hata kidogo. Ikisoma, simama. Hiyo ni kazi ya fundi wa kusuka mota, nchi kavu, mwenye kipimo cha ukinzani cha volti 500. Kukausha koili kwa jua na kuirudisha kazini bila kuipima ni kuhamishia umeme kwenye mwili wa injini.

Balbu na chaja zinaungua

Umeme uliozidi unaharibu mali haraka kuliko uliopungua, na hapa usijaribu "kuangalia kama itatulia". Shusha breka kuu kwanza. Kiwango cha kawaida ni volti 207 hadi 253.

Sababu kubwa ni nahodha kupiga resi. Puli zilipangwa kwa injini ya 1000; mawimbi ya kusi yamemlazimisha kwenda 1600, na kichwa sasa kinazunguka 2400. Volti zinapanda, na rota yenyewe haikuundwa kwa kasi hiyo: koili zinaweza kutoka nje zikasaga kila kitu. Hezi 55 ndio mwisho ninaoukubali. Kwa boti inayolazimika kwenda mbio mara kwa mara, funga klachi ya sumaku kwenye puli ili kichwa kiachwe hezi zikipita hapo.

Sababu ya pili inatisha zaidi, na ni ya vichwa vya fezi tatu: nyutro imelegea. Taa za upande mmoja zinawaka kupita kiasi, za upande wa pili zinafifia. Kifaa cha volti 230 kinaweza kupokea karibu 400. Usikaze huku umeme upo. Zima injini, fuata waya wa nyutro kutoka kichwani mpaka ubao, kaza kila nati, badilisha kila lagi (kichwa cha chuma cha mwisho wa waya) iliyooza.

AVR mbovu hufuata. Hezi 50, volti 280: badilisha, usiitengeneze baharini.

Inveta inalia, kisha inazima

Hapa inveta yenyewe mara nyingi haina kosa. Inalia kwa sababu volti za betri zinazoifikia zimeshuka. Nyingi za volti 12 hukata karibu na 10.5.

Pima kwenye nguzo za betri, kisha kwenye vituo vya inveta, mzigo ukiwa umewashwa. Tofauti ikizidi volti 0.4, tatizo ni waya au viungo. Inveta ikitoa wati 1000 kutoka betri ya volti 12 inavuta ampea 90 hadi 100. Waya wa taa hauwezi; kwa umbali mfupi tunazungumzia milimita za mraba 35 hadi 50, na fyuzi iwe jirani kabisa na betri. Shika lagi kwa nyuma ya mkono baada ya kuzima: iliyo moto ndiyo mbovu.

Tofauti ikiwa ndogo na betri yenyewe iko chini, angalia kama inachajiwa. Injini ikiwa kwenye resi, betri ya 12 isome kati ya 13.8 na 14.4, ya 24 mara mbili yake. Ikibaki 12.3, kagua mkanda, waya mnene wa altaneta, kisha kaboni zake. Ikisoma vizuri kwenye resi na kushuka kwenye sailensa, altaneta ni nzima, ila kwenye sailensa haizalishi vya kutosha. Hapo fanya hesabu kwa uaminifu: altaneta iliyoandikwa ampea 80 ikishapata joto haitoi 80 mfululizo. Friza na taa za wati 600 zinakula karibu ampea 55 hadi 60. Betri ndiyo inayofidia pengo, mpaka ichoke.

Weka mita kwenye AC ukiwa bado kwenye betri. Ikisoma zaidi ya nusu volti, diodi ya altaneta imekufa. Mara nyingi imeuawa na mtu aliyezungusha swichi ya betri hadi kuzima huku injini inawaka. Usifanye hivyo kamwe.

Inveta ya bei nafuu ambayo wimbi lake si laini pia hufanya friza ingurume na ipate joto hata volti zikiwa sahihi. Dawa yake ni inveta ya wimbi laini tu.

Kelele, harufu, moshi

Mlio mkali wakati friza inawaka ni mkanda. Ngurumo inayoendelea hata mzigo ukitolewa ni beringi. Mkanda unaokula upande mmoja, puli hazijanyooka. Weka rula ndefu au uzi uliokazwa kwenye nyuso zote mbili. Na kama mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, ukikatika injini imepoteza ubaridi: zima mara moja, teremsha nanga.

Harufu ya vanishi iliyoungua inatoka kwenye koili. Zima, usijaribu tena. Moto ukiwaka, tumia poda au kaboni dayoksaidi, usimwage maji ya bahari. Kwenye boti ya petroli usifunge kabisa kichwa chenye kaboni karibu na ngama, kwa sababu mvuke wa petroli hutuama chini na kaboni hutoa cheche.

Umeme unapiga ukigusa injini, reli au sinki

Hapa hakuna kujaribu jaribu. Zima injini, zima inveta, chomoa waya wa bandarini, na asishuke mtu majini karibu na boti. Kwenye Ziwa Victoria na Tanganyika hatari ni kubwa kuliko baharini: maji yasiyo na chumvi hupitisha umeme vibaya kuliko mwili wa binadamu, kwa hiyo umeme unaovuja hupita kwa muogeleaji, misuli ikakaza, akazama bila kelele. Kijana anayeruka kwenda kufungua wavu kwenye pangaboi ndiye ninayemuwaza ninapoandika haya.

Sababu huwa waya uliochubuka dhidi ya taruma, maji ndani ya soketi, au koili inayovuja. Umeme ukiwa umezimwa unaweza kukagua kwa macho na kubadilisha waya uliochubuka. Zaidi ya hapo, ita fundi mwenye leseni, na umuulize jambo moja mahususi: nyutro imeunganishwa na ethi (waya wa ardhi) pale kwenye kichwa au inveta? Kama haijaunganishwa, RCD ya miliampea 30 uliyoinunua haitaruka mtu akishika waya, hata kama kitufe chake cha majaribio kinaruka vizuri. Akishaiunganisha, kiungo hicho kijitoe chenyewe boti inapokuwa kwenye umeme wa bandarini, na swichi ya kubadilisha iwe ya kuvunja kabla ya kuunga, umeme wa nje na wa kichwa visikutane hata kwa nukta moja. Mwambie afanye jaribio la RCD kwa kifaa chake mbele yako, kwenye kila soketi, kabla hujamlipa.